Hakuna Kinachotoka Getini Bila Hati

Jumatatu, 4 Machi

Saa mbili kamili asubuhi. Ameingia Mhudumu. Mwanamke wa makamo, mfupi, raba miguuni, begi moja jeusi. Amesaini.

Nimefungua kitabu hiki kwa sababu lindo limeanza tena, sasa hapa nyumbani. Miaka thelathini na moja nimelinda geti la ghala. Mameneja sita walikuja wakaondoka, na wote niliwakagua. Hakuna hata msumari uliopotea zamu yangu. Shule niliikimbia darasa la tatu, lakini kitabu cha matukio kilinifundisha kuandika kuliko mwalimu yeyote. Saa ngapi, nani, kaingia na nini, katoka na nini. Wanaoandika marefu wana la kuficha.

Habari yenyewe ni hii. Mama Watoto alipata kiharusi mwezi wa tisa. Mkono wa kushoto umelala. Mguu wa kushoto anauburuta. Akili iko palepale, na ulimi pia, kwa bahati mbaya yangu. Watoto wetu wawili wakakaa kikao bila mimi. Mwanangu wa kwanza, yule wa ofisi ya bima, akaja na karatasi. Akasema, baba, hakuna kati yetu mwenye nafasi ya kuwaweka wote wawili. Mama ataenda kwa dada, kule hakuna ngazi. Wewe utakuja kwangu, ghorofa ya nne. Nikamuuliza, na hapa getini atakaa nani?

Miaka arobaini na nne nimelala upande wa mlangoni, yeye upande wa ukutani. Leo tugawanywe kama vyombo vya marehemu.

Binti yangu ndiye aliyeomba wiki moja ya majaribio. Mhudumu aje kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumamosi watakaa tena. Nyumba ikionekana salama, tunabaki pamoja na Mhudumu anaendelea. Isipoonekana, mama huku, baba kule.

Nimekubali kwa mdomo. Mpango wangu ni mwingine. Hadi Jumamosi nitakuwa nimeonyesha kwamba mtu wa kulipwa hana kazi humu. Mama Watoto ana mimi.

Saa tano. Mhudumu kamwogesha Mama Watoto. Nikasema hata mimi najua kuogesha. Mama Watoto akasema juzi nilimwogesha kwa sabuni ya kufulia, kama naosha gari la meneja. Wakacheka wote wawili. Nimeandika na muda waliocheka: dakika tatu.

Halafu ana daftari. Kila saa anaandika. Jasusi. Daftari langu nene zaidi.

Saa kumi na mbili. Mhudumu anatoka. Nikamwambia fungua begi. Akasema, baba, unanishuku wizi? Nikamweleza kwamba simshuku mtu, nakagua kila mtu, ndiyo heshima ya lindo. Kitana, ndala, bakuli tupu la chakula. Ameruhusiwa.

Fundi Saa alikuwa ameegemea ukuta wa pamoja anatazama. Huyu ni jirani yangu, alikuwa akitengeneza saa za watu na zote zilikuwa zinachelewa. Akauliza, askari, umekamata kijiko? Sikumjibu. Raia hajibiwi wakati wa ukaguzi.

Hali shwari.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimepika uji mwenyewe kabla Mhudumu hajafika. Mama Watoto akaonja kijiko kimoja akauliza kama natengeneza zege. Nikasema uji mzito unashika tumbo. Akasema unashika na sufuria. Mhudumu alipofika akaongeza maji, Mama Watoto akanywa wote. Sikupenda.

Mchana Mhudumu alimpima presha kwa ile mashine ya kufunga mkononi. Mia na arobaini kwa themanini na tano. Akasema vizuri sana, dawa inafanya kazi yake. Nikasema mimi ndiye ninayefanya kazi yake. Akaandika kitu.

Saa kumi na mbili. Ukaguzi. Leo nimekamata.

Ndani ya begi jeusi: pakiti moja ya vidonge vya presha vya Mama Watoto pamoja na cheti cha daktari. Mali ya nyumba inatoka bila hati. Nikamsimamisha.

Akasema kwa sauti ya kufundisha mtoto kwamba kidonge kimebaki kimoja tu, cha kesho asubuhi. Anakitoa akiweke mezani, pakiti na cheti anavipeleka duka la dawa, maana bila kuviona hawauzi. Akakiweka kweli mezani. Nikamjibu kwamba ghalani hata boksi tupu lilihitaji hati ya kutolea mali yenye sahihi ya mtunza ghala. Akauliza mtunza ghala wa nyumba hii ni nani. Swali la kijinga. Nikasema ni mimi. Akasema basi nipe hiyo sahihi, mzee. Nikasema mlinzi hawezi kujisainia, huo ni mlango wa wizi.

Nikamaliza mimi kiume. Nikasema kesho nitakwenda mwenyewe kununua. Nimepokea makontena, nitashindwa na vidonge? Akasema, baba, nakuamini, lakini isipite kesho. Hivi ndivyo vinavyomweka mama hai. Akarudia mara mbili, kana kwamba sikusikia ya kwanza.

Pakiti na cheti nimezuilia.

Jumatano, 6 Machi

Kidonge cha mwisho Mama Watoto amemeza saa moja na nusu. Mhudumu kaingia saa mbili. Nikachukua mfuko wangu wa turubai, nikatoka, nikafunga geti kwa kufuli upande wa nje. Utaratibu wa ghala: mlinzi akiacha lindo, mali hufungiwa ndani. Mhudumu akapiga kelele kutoka barazani, na moto ukiwaka tutatokea wapi? Nikamwambia nyumba ni ya saruji. Simu nimeiacha nyumbani isije ikaibiwa.

Duka la dawa. Hapo ndipo nilipodhalilishwa.

Mlangoni wameweka mlinzi. Mama mzima, sare mpya inayonuka kiwanda, rungu halina hata mkwaruzo. Akaninyooshea mkono. Mzee, mfuko. Nikadhani anataka kunisaidia kubeba. Hapana. Anataka kunikagua. Mimi.

Nikamweleza kwa upole nimelinda wapi na kwa miaka mingapi. Akasema hongera. Mfuko. Nikamuuliza kama ninafanana na mwizi. Akasema hamshuku mtu, anakagua kila mtu. Watu nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuguna. Mmoja akasema, babu, fungua tu, tuna wagonjwa nyumbani. Nikasema hata mimi nina mgonjwa nyumbani, lakini nina jina pia.

Sikufungua. Nikageuka. Mwanaume hageuziwi mfuko na mtu ambaye sare yake haijafuliwa hata mara moja.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mhudumu akaniuliza getini, umepata? Mdomo ukanitangulia. Nikasema nimepata, nimehifadhi, na kuanzia kesho dawa ya asubuhi nitampa mwenyewe kabla hujafika. Akasema nionyeshe. Nikasema stoo imefungwa.

Kisha akaandika kwenye daftari lake.

Kesho asubuhi na mapema nitakwenda duka lingine. Siku moja haimuui mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Duka lingine liko mbali. Nimetembea saa nzima. Wana aina nyingine, hawana hii. Wakanirudisha kwenye duka lile lile la jana. Nikafika nikamwona yule mama na rungu lake. Nikarudi.

Mama Watoto hakumeza kitu asubuhi. Aliuliza kidonge changu kiko wapi. Nikamwambia daktari amebadilisha, sasa ni siku moja ndiyo, moja hapana. Akasema daktari gani huyo anayezungumza na wewe bila mimi. Nikatoka nje kufagia.

Mchana akasema kichwa kinamgonga. Nikasema ni joto. Mhudumu akafungua madirisha, akampima. Mia na themanini kwa mia na kumi. Akapima tena mkono mwingine. Ileile. Uso wake ukabadilika, utani ukaisha.

Akaja kwangu getini, akasimama karibu, akauliza kwa sauti ya chini. Baba, mama amemeza dawa leo? Nikasema amemeza. Umemwona kwa macho yako? Kwa macho yangu. Akasema basi hii dawa imemshinda, kesho isiposhuka nampeleka hospitali wampe kali zaidi.

Nilitaka kusema. Kwa kweli neno lilifika kwenye meno. Lakini mbele yangu niliiona ile karatasi ya mwanangu, mama huku, baba kule. Nikikiri leo, Jumamosi sina wiki tena. Nikamkagua begi akatoka. Hata hakubisha, alikuwa anafikiria mbali.

Jioni Mama Watoto akaniita nimkande kipaji cha uso. Nikamkanda. Akasema leo unakanda bila kugombana, mzee, umechoka? Nikasema mimi sichoki.

Sikuandika hali shwari leo. Kitabu hiki hakijawahi kudanganya.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Saa mbili na dakika tano Mhudumu aliingia. Nikaondoka palepale, karibu mbio. Geti nikafunga kwa nje. Mkono ulifunga wenyewe, miaka thelathini na moja si mchezo.

Duka la dawa. Yule mama. Mfuko, mzee. Nikafungua. Akatoa miwani yangu, kalamu, kitabu hiki. Akaniambia nigeuze na mifuko ya suruali. Nikaigeuza mbele ya watu, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nikajikaza. Akasema asante, mzee, pita. Hakugusa sehemu ya chini ya mfuko. Mlinzi dhaifu, ningeweza kupitisha tofali.

Nikanunua. Nikarudi mbio. Watu walinipisha.

Geti lilikuwa wazi. Kufuli langu liko chini, limekatwa kwa msumeno wa chuma. Ndani hakuna mtu. Kiatu kimoja cha Mama Watoto barazani, cha mguu wa kushoto.

Fundi Saa amekaa kwenye kiti changu. Akasema, askari, nimekushikia lindo. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Akanieleza. Mama Watoto alianza kutapika, maneno yakawa mazito mdomoni. Mhudumu akaenda mbio getini, kufuli. Akanipigia simu, ikalia mezani. Akapiga kelele mpaka Fundi Saa akasikia. Dakika ishirini alikata chuma, mwanamke yuko ndani anaomba haraka. Mkono wa Fundi Saa ulikuwa na malengelenge. Akasema kufuli lako zuri, bwana. Zuri mno.

Sikumjibu. Nikaenda hospitali kwa teksi, nikamwambia dereva asisimame popote.

Nikawakuta. Mama Watoto kitandani, macho amefumba. Presha mia mbili na tano. Daktari, kijana mwenye haraka, anamuuliza Mhudumu dawa anazotumia. Mhudumu anajibu sawasawa: aina hii, kila asubuhi, jana amemeza, leo amemeza, mzee mwenyewe ndiye anayempa. Daktari akasema basi imeshindwa, tumwongezee kali juu ya hiyo aliyokwisha kumeza. Hapana, akafikiri, juu ya hiyo itabidi tusubiri kwanza. Akasimama na kalamu, hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo nikaingiza mkono mfukoni. Nikaweka pakiti juu ya kitanda. Nzima. Haijachanwa.

Daktari akaitazama. Mhudumu akaitazama. Akauliza, hajameza tangu lini? Nikasema tangu jana. Nikasema na leo.

Basi daktari akajua la kufanya, akampa saa hiyo hiyo. Saa nane presha ilikuwa imeshuka hadi mia na sitini. Kiharusi cha pili hakikuja. Daktari alisema ningechelewa kusema, angeweza kumpa dawa isiyofaa. Kwa maana nyingine, taarifa yangu ndiyo iliyookoa. Nimeiandika hapa ili isisahaulike.

Mhudumu hajanisemesha mpaka sasa. Watoto wanakuja.

Jumamosi, 9 Machi

Saa sita Mama Watoto amerudi nyumbani. Amekaa kwenye kochi, mito pande zote. Saa tisa kikao.

Mwanangu hakuketi. Alisimama na karatasi yake kama hakimu. Akasema wiki imekwisha na jibu limejitokeza. Mama anaondoka leo na dada. Baba unakuja kwangu, vitu vyako vichache vya lazima, kiti hicho cha getini hapana.

Binti yangu akaniuliza huku analia, baba, ulimdanganya Mhudumu kuhusu dawa ya mama? Nikasema nilichelewesha taarifa. Mwanangu akasema, baba. Basi, hilo neno moja. Sikuwahi kusikia neno baba likisemwa hivyo.

Nilijitetea. Nikataja miaka thelathini na moja. Nikataja msumari. Hakuna aliyeandika. Nikaona mkono wa binti yangu umeanza kukunja nguo za mama yake kuzitia kwenye sanduku, nikashika mlango.

Hapo Mama Watoto akasema acheni sanduku.

Maneno yake bado mazito kidogo, kwa hiyo kila mtu alisogea. Akasema, huyu mzee wangu makosa yake yote nayajua, mengine aliyafanya nyinyi hamjazaliwa. Jana karibu aniue kwa kiburi chake. Nimekasirika, na hasira hizo ni zangu, nitazimaliza naye hapa hapa. Mkinipeleka kule na yeye ghorofa ya nne, mtakuwa na wagonjwa wawili wa kulala badala ya mmoja. Yeye nani atamwambia shati kavaa kinyume? Mimi nani atanigombeza nikiamka usiku bila fimbo? Kisha akaomba maji, akanyanyuliwa kikombe, akanywa.

Nikatazama shati langu. Kweli lilikuwa kinyume.

Mwanangu akasema, mama, mapenzi hayapimi presha. Akamgeukia Mhudumu, akasema hata wewe usingekubali kuendelea hapa. Nilidhani ataitikia. Nilistahili aitikie. Lakini Mhudumu akasema amewahi kuhudumia nyumba ambayo mzee alificha meno ya bandia ya mkewe ili asiende harusini. Huyu wa hapa si wa kwanza na si mbaya kuliko wote. Wengi wangeificha ile pakiti mpaka mwisho, akasema, yeye aliitoa.

Akataja masharti yake, vidole vitatu hewani. Dawa zote atashika yeye. Ufunguo wa geti atashika yeye, na geti halifungwi kwa nje mtu akiwa ndani. Na begi lake halifunguliwi tena na mtu. Akipewa chumba cha nyuma atahamia kabisa.

Mkono mzima wa Mama Watoto ulikuwa umenishika kwenye mkono wa shati. Sikuuondoa.

Mwanangu akakubali mwezi mmoja. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akaupigapiga ule mfuko. Jambo moja tu, baba. Moja kama lile la jana, naitoa hii na hatukai kikao tena.

Nikasaini masharti. Sahihi yangu imejaa mstari mzima.

Jumapili, 10 Machi

Mhudumu amehamia. Masanduku mawili na redio. Nilitazama pembeni alipokuwa anapita. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Mama Watoto amemeza dawa mbele ya Mhudumu, mbele yangu, na mbele ya Fundi Saa aliyekuja kujuliana hali na kunionyesha malengelenge yake. Nimempa mkono. Nikamwambia alikata kufuli vibaya, kingo hazikunyooka. Akasema ahsante na wewe.

Mama Watoto hasemi nami sana. Jioni akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia mengi. Akanitazama, akasema haya.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbili za ushindi. Watoto walikuja na karatasi, wakaondoka na karatasi. Mimi niko hapa na mke wangu yuko hapa. Ukitazama vizuri, nimewashinda wote.

Ufunguo sina, lakini kiti ninacho. Lindo si ufunguo. Lindo ni macho.

Saa nne. Ameingia mtaalamu wa mazoezi. Kijana mrefu, begi kubwa la mgongoni. Daktari ndiye kamwagiza. Amesema mkono wa Mama Watoto unaweza kuamka ukishughulikiwa sasa, miezi hii, baadaye itakuwa vigumu. Mtaalamu ni mmoja tu mji mzima, anazunguka nyumba kwa nyumba, na mwanangu alihangaika kumpata.

Alimkalisha Mama Watoto kwenye mwanga. Akampa mpira laini wa kijani aukandamize. Nikachungulia dirishani. Kidole gumba kikasogea. Kidogo, kama mtu anayeota. Mama Watoto akasema, mmeona? Mhudumu akapiga makofi. Mimi nikarudi kwenye kiti haraka, vumbi liliniingia machoni.

Saa tano na robo. Mtaalamu anatoka.

Nilisaini kwamba begi la Mhudumu halifunguliwi. Karatasi haisemi lolote kuhusu mtaalamu wa mazoezi. Nimeisoma mara tatu. Nikamwambia, kijana, begi.

Alidhani natania. Nikamweleza kwamba simshuku mtu. Akafungua akiwa anatazama saa yake. Ndani: kamba za mpira, taulo, na mpira wa kijani. Ule ule uliosogeza kidole cha mke wangu. Akasema mipira anayo miwili, wa Mama amemwachia mezani, huu ni wa mgonjwa anayemfuata. Nikamwambia maneno hayo nimeyasikia kwa madereva wa malori kabla yeye hajazaliwa. Akasema ingia ndani ukatazame mezani, mzee. Nikasema mlinzi haachi geti wazi na mshukiwa amesimama.

Mpira nimezuilia. Mwenye mali alete hati.

Akasema amefanya kazi nyumba nyingi na hajawahi kutendewa hivi, na hapa harudi tena. Akatoa simu, akampigia mwanangu mbele ya macho yangu, akamweleza kila kitu kwa kirefu. Sikumzuia. Ni vizuri mwanangu asikie kwa mtu baki kwamba baba yake bado yuko kazini.

Mwanangu anakuja sasa hivi. Nimemwandalia kitabu asaini.